Tundu Chini ya Sanduku la Mzee Sumaili

Mauwa mwanangu,

Umevuka kwenda Ubwari kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka umalize sufuria nzima ya ugali na ndagala. Kwa hiyo nina saa kadhaa za kuwa jasiri. Naandika hapa shantie, penye karakana yetu ya boti, juu ya benchi langu la kazi, kwa penseli hii bapa ya kupimia mbao, maana biki zote za nyumba umezifunga kwenye mzigo wako. Ukiona mistari imepinda usifikiri baba yako analia. Ni benchi lililopinda. Nililitengeneza mwenyewe.

Mambo ya dawa, ya blanketi, ya kutotoa simu ovyo ndani ya boti, mama yako ameyasema mara tatu na ya nne inakungoja jioni. Mimi nimekwisha kufanya upande wangu. Asubuhi nilikwenda kuiona boti itakayokuvusha kesho mpaka Kigoma, nikaigonga ubao kwa ubao kwa nyundo ndogo. Kapiteni akaja kusimama juu yangu, mikono kiunoni.

"Fundi, unatafuta nini?"

"Ubao yenye kukohoa."

"Lakini hii boti ulijenga we mwenyewe!"

"Njo maana siiamini."

Wakacheka ufukwe mzima. Ndivyo ninavyojulikana hapa mjini Baraka. Wanasema mimi nikipewa maji ya kunywa, nauliza kwanza yamepita wapi. Na wewe umezoea kucheka pamoja nao, nami nilipenda ucheke, kwa sababu mtu anayechekwa haulizwi sana. Leo nataka kukupeleka mahali ambapo shaka yangu haichekeshi. Imekula mwaka mzima wa maisha yako, na hujui.

Nitafika huko. Niache nizunguke kidogo, kama boti inayotafuta penye kina.

Mzee Sumaili wewe ulimjua akiwa mkongwe wa kiti na fimbo. Mimi nilimjua akitembea. Alikuwa na michikichi upande wa Ubwari na mashamba ya mpunga bondeni Mutambala, urithi wa babu zake waliofika na biashara kutoka Maniema. Lakini ukimwita mwenye mashamba alinuna. Alitaka aitwe mwanafunzi. Mvi kichwani, miwani iliyofungwa kwa uzi wa nyavu, na bado mwanafunzi: wa Kiarabu, kile cha vitabu vya kale, ambacho alisema hata Waarabu wenyewe wamekiacha njiani. Aliwasimamisha wavunaji katikati ya shamba awaeleze utamu wa ubeti mmoja, nao wakasimama, mundu mkononi, wakiitika "eeh, Muzee" na kulitazama jua.

Na ngoma! Alilisha wapiga ngoma wawili na mchongaji mmoja nyumbani mwake, kama wengine wanavyofuga njiwa. Kwaya yetu ya Waprotestanti aliiezekea mabati, kisha kila Jumapili yeye, Mwislamu, akaja kukaa nje kwenye kiti chake kusikiliza, na tukipotea sauti anagonga ukuta kwa fimbo. Imamu wake hakupenda. Mchungaji wetu naye hakupenda, lakini mabati aliyapenda.

Jambo lililotusumbua zaidi ni kodi yake. Aliyelima shamba la Mzee Sumaili hakupeleka gunia la mpunga. Alipeleka wimbo. Kila mavuno wimbo mmoja wa zamani, wa kulima au wa kuomboleza au wa kubembeleza mtoto, pamoja na jina la aliyemfundisha. Mzee alikaa na daftari, akauandika Kibembe chetu kwa herufi zake za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, mbiombio, ulimi umetoka nje kidogo kama wa mtoto wa shule. Akikosa neno aliomba lirudiwe mara kumi. Bamama walitoka kwake sauti zimekauka.

Sasa niambie, mwanangu, mtu wa Fizi asishuku hapo? Nyimbo zetu zimejaa majina: kilima fulani, kijito fulani, babu fulani aliyezikwa penye jiwe fulani. Hapa kwetu watu wamehamishwa na karatasi za ardhi zaidi ya walivyohamishwa na mvua. Mtu anayekataa mpunga na kutaka majina ya vilima, ana lake.

Koko yako Mauwa, mama yangu mimi, ambaye jina lake umelibeba, alilima kwake. Na alipenda kwenda kulipa kodi! Alijipaka mafuta, akafunga kitenge cha kanisani.

Ndipo siku moja Mzee akaja hapa shantie. Nilikuwa kijana, nimeoa juzi, najiona fundi kuliko mafundi.

"Fundi, nataka sanduku. Lakini usinifanyie kabati. Ufanye kama boti."

"Kama boti, Muzee? Inaenda wapi?"

"Haiendi. Inakaa nyumbani. Lakini siku maji inakuja, ielee."

"Na ndani utatia nini?"

"Vitu vya kusoma."

Nikalitengeneza. Mbao za boti, kalafati ya pamba na mawese kila kiungo, kifuniko kinachobana, kufuli. Unajua desturi yetu, umekua ukiiona: kabla boti haijashuka ziwani, mwenyewe anakuja, tunamimina maji ndani, si nje. Boti imekaa juu ya magogo, maji tumboni, na watu wote wanakaa kungoja. Maji yatakapotokea, hapo ndipo fundi alipolala. Hakuna muda mrefu kama ule katika kazi hii. Nikamwambia Mzee tumimine, tuone.

"Ya nini?" akasema. "Mi sijui boti, we haujui nahau. Kila muntu na yake. We njo fundi."

Akaondoka. Hakungoja maji.

Mtu mwingine angefurahi kuaminiwa hivyo. Mimi nikaanza kujikuna. Mtu asiyekagua kitu chake anaficha nini? Na Amisi, mpigaji misumari wangu wa siku hizo, akanimalizia.

"Kitabu? Nani anajengea kitabu boti? Ile ni dhahabu ya machimbo ya Misisi, fundi. Anataka kuvuka nayo."

Basi nikachukua keekee, nikageuza sanduku, nikatoboa tundu moja kwenye kona ya chini, la kupita kidole kidogo. Nikaliziba kwa nta na masizi. Kwa macho halionekani. Nilijiambia ni kwa ajili ya kujua tu. Fundi anayetoboa kazi yake mwenyewe, Mauwa! Kama mpishi anayetia mchanga kwenye wali wake ili ajue nani atalalamika.

Baada ya miezi kadhaa nikaitwa kwake kusawazisha miguu ya sanduku, lilikuwa linayumba. Lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Alipokwenda kuswali nikalala chali chini yake, nikachomoa nta, nikaingiza waya wenye ndoano. Nilivua kwenye sanduku la watu kama mvuvi wa sangala. Nikapata kona ya karatasi, imechanika, ina herufi zake. Nikarudisha nta.

Amisi alikuwa amesoma madrasa. Aliisogeza karatasi kwenye mwanga, midomo ikicheza.

"Hapa kuko jina ya kilima. Hapa jina ya muntu. Fundi, haiko dhahabu."

"Iko nini?"

"Mubaya kuliko dhahabu. Ni udongo."

Sikungoja zaidi. Nikalitangaza shantie, shantie ikalitangaza sokoni: Mzee Sumaili anaandika vilima vyenu. Mavuno yale watu wengi hawakupeleka wimbo. Nikamwendea na koko yako, nikamkuta anachambua maharage.

"Mama, usiende tena kwa ule muzee."

"Amenifanya nini?"

"Ananyang'anya udongo yetu na nyimbo zako."

Akachambua, akachambua. Halafu akasema, bila kuinua kichwa: "Ule muzee ananiulizaka wimbo. We, mutoto yangu, ulisha niuliza siku gani?"

Nikakasirika, kama inavyokuwa kwa wanaume wa ukoo wetu. Lakini alinitii. Hakwenda tena, na kwangu nako hakuimba. Nilidhani nimeshinda.

Kisha risasi zikatufukuza, sote, Waislamu na Wakristo, wenye mashamba na wasio nayo. Tulijipakia boti moja na Mzee Sumaili na binti yake Mama Zaina. Katika mali yake yote alibeba sanduku lile na kiti. Watu wakaguna, wengine wakamtukana waziwazi. Sanduku likawekwa chini kabisa, mahali maji yanapokusanyika miguuni, na kwa kuwa nafasi haikuwepo, koko yako akalikalia. Njia nzima. Mimi nilikuwa mbele yake, namwaga maji kwa kopo.

Nilijua, Mauwa. Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu penseli ilipoanza. Nta haivumilii jua na maji na kusukwasukwa. Ningesema neno moja tu: "Muzee, tuinue sanduku." Lakini angeuliza kwa nini, sanduku si umelifanya lielee? Na watu wote wangesikia. Nikaendelea kumwaga maji kwa kopo, na kila kopo niliona aibu, na aibu haikunifungua kinywa. Mpaka Kigoma.

Kule kambini alilifungua. Siku tatu tulimwona ameanika daftari juani, kila ukurasa na kijiwe chake, ameketi katikati kama mtu anayelinda mtama dhidi ya ndege. Hakulia. Hakuniuliza. Koko yako alipita pale kila siku akitazama. Masika ya pili alitutoka. Homa ya siku nne. Alikufa sijamuuliza wimbo hata mmoja.

Tuliporudi Baraka, Mzee Sumaili akaniita. Sanduku liko uani, limegeuzwa tumbo juu. Akagusa tundu kwa ncha ya fimbo.

"Fundi, unaona hii?"

"Naona, Muzee."

"Panya gani anatoboaka muviringo hivi?"

"Labda ni mududu, Muzee."

"Eeh. Mududu yenye keekee." Akaniangalia juu ya miwani mpaka masikio yakaniwaka. "Nitengenezee ingine. Na hii ingine isikuwe na jicho."

Basi! Hakuna kesi, hakuna matusi. Nikatengeneza sanduku la pili, na sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Lakini mtu wa shaka hasamehewi hivihivi. Usiku na mchana nilijiuliza: kwa nini hapigi kelele? Anataka nini kwangu? Miezi ikapita, nikapata nilichokuwa nakitafuta. Alinisimamisha njiani.

"Daftari ya mama yako iliingia maji. Mistari ya juu tu njo inasomeka. Ukuje siku moja uniimbie, nijaze."

Nikasema, "Mi sijui kuimba, Muzee."

Miaka kumi na moja kwaya, sauti ya tatu, chini ya mabati yake, na nikamwambia sijui kuimba. Niliona wazi: huo ndio mtego. Nikiimba kilima, nimetia sahihi. Hakunisukuma. Kila tulipokutana aliuliza kidogo tu, "Sauti imepona?" Nami nikakohoa. Tulikoholeana hivyo mpaka alipofariki mwaka juzi, na wewe ukashangaa kwa nini baba alisimama nyuma kabisa mazikoni.

Sasa mwaka wako.

Kabla ya kufa aliacha neno kwamba michikichi ya Ubwari isomeshe mtoto wa yeyote kati ya waliomlimia, mtoto atakayekubali kuvuka ziwa akajifunze mwandiko ule wa kale, kwa sababu nyumbani mwake hakuna aliyeuweza vizuri. Ukaomba, pamoja na wengine, na Mama Zaina akakuchagua wewe. Ulifikiri barua yake ilikuja mwezi wa tatu uliopita. Hiyo ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilikuja mwaka mzima kabla. Nilikabidhiwa mimi, hapa shantie, nikaisoma nimesimama, nikaitia kwenye sanduku la vyombo, chini ya randa.

Ukawa unaniuliza, "Baba, jibu limetoka?" Nami nasema, "Bado, mama." Ukaenda kusaidia dukani kwa mjomba wako, ukapima chumvi na sabuni, na jioni unasoma daftari zako za zamani kwa tochi ya simu usije ukasahau. Nilikuona. Nikajiambia nakulinda. Wanataka kumfanya mtoto wangu shahidi wa ardhi yao. Wanataka kumwoza. Wanataka kumbadilisha dini. Kila wiki nilivumbua jambo jipya wanalolitaka, na sikutembea hatua mia tatu mpaka mlangoni kwao kuuliza.

Kilichonitoa huko si hekima. Ni Mama Zaina, aliyechoka kungoja. Alikuja hapa mwenyewe, akajifuta vumbi la mbao, akakaa kwenye benchi hili.

"Baba Mauwa, mutoto alikataa?"

"Anafikiri."

"Mwaka muzima?"

"Anafikiriaka polepole. Amefuata mama yake."

(Usimwambie mama yako.)

Hakucheka. Akatoa daftari kwenye kitambaa, limevimba, kingo zimekuwa rangi ya chai. Yeye husoma kwa kudokoa, herufi moja moja, akifuata kwa kidole. Akanionyesha juu ya ukurasa: Mauwa. Akafuata: mama ya fundi wa boti. Chini yake mistari mitatu ya wimbo, kile kilima kimo, na babu yule, na jiwe lile. Halafu doa la maji mpaka mwisho wa ukurasa. Akafungua mwingine. Juu kila mahali jina la mwenye wimbo, halafu wimbo. Hamna mpaka wa shamba, hamna muhuri, hamna jina lake mwenyewe hata mara moja.

"Baba alikuwa anasema fundi atakuja kujaza," akasema Mama Zaina. "Kila daftari ya mama yako, aliacha karatasi nyeupe nyuma."

Macho yakaniwasha, nikasingizia vumbi la mbao. Jioni ile nilikupa barua ya pili kana kwamba ndiyo kwanza imefika, nawe ukaruka ukanikumbatia, ukaniita baba bora Fizi nzima. Sijalala vizuri tangu hapo. Mtu akikusifu kwa wizi wako, ni adhabu ya peke yake.

Ya kwanza nimeibandika nyuma ya karatasi hizi. Utaona alama ya randa. Mwaka ule ni wako na siwezi kuurudisha. Ukitaka kukasirika, kasirika. Boti inachukua muda kuvuka, utapata nafasi.

Usidhani nimepona. Hata sasa nashuku. Namshuku mwenye nyumba utakayopanga huko, simjui na nimeshamchukia. Nashuku kwa nini Mama Zaina amekuchagua wewe wakati Baraka ina watoto wengi wenye akili na wanaotii. Pengine Mzee hakuwa malaika. Watu hawalishi wapiga ngoma wawili bila kupenda kusifiwa kidogo. Sitakwambia uamini watu, ningekuwa kichekesho. Ila mimi nilishuku kwa chini, mgongo sakafuni, kwa waya. Nilichokipata kwa waya kilikuwa kona iliyochanika, nikaijazia mwenyewe yaliyobaki. Kumbe pale pale juu kulikuwa na mlango, na mtu mzima wa kuulizwa, anayependa kuulizwa kuliko kitu chochote duniani.

Kesho unaondoka na daftari zile, na Mama Zaina ametaka ziende ndani ya sanduku la kwanza. La pili, kazi yangu safi, amelizuia, anasema linampendeza kuwekea vyombo. Kwa hiyo leo asubuhi, baada ya kumkera kapiteni, nililigeuza lile la zamani. Mzee hakuwahi kuliziba tundu. Miaka yote hiyo liliachwa wazi, safi, kama linangoja fundi wake. Nimelipigia kigingi cha mti mgumu, pamba, mawese, nikapiga randa mpaka kidole hakisikii kitu.

Usiniamini. Kesho kabla hujatia daftari hata moja, tutaliweka juu ya magogo hapa ufukweni, mbele ya kapiteni, mbele ya Mama Zaina, na mbele ya Amisi ambaye atakuja tu, hakosagi jambo. Wewe mwenyewe utamimina maji, ndoo mbili. Halafu tutakaa kungoja, kama desturi.

Njoo na kalamu, mama. Muda ule wa kungoja ni mrefu, na sauti yangu imepona. Nitaimba kuanzia mstari wa nne.

Baba yako,
fundi wa boti, mtoto wa Mauwa